Mama wa Baba Mkwe

Kuku ndio walionishtua. Mwaka ule mahindi yalikuwa haba, na sisi wenyewe tulikuwa tunakula ugali wa muhogo siku nenda siku rudi, lakini kuku wangu walinenepa, manyoya yakang'aa kama ya kuku wa misheni. Kila nikitoka uani nilikuwa nawakuta wamekusanyika nyuma ya nyumba, chini ya kile kitundu tulichokiacha ukutani kiwe dirisha la chumba cha baba mkwe. Wametulia, shingo juu, wanasubiri. Siku hiyo nikajibanza kwenye pembe ya nyumba nione wanasubiri nini. Haukupita muda, mkono wa kushoto wa mzee ukatokeza pale kitunduni, mwembamba, unatetemeka, umeshika tonge la ugali. Ukaliachia. Ukarudi ndani, ukatoka na jingine.

Ugali ule nilikuwa nimeusonga mimi, na mimba yangu kubwa mbele yangu, na moshi wa kuni mbichi machoni. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni hasira. Nilitaka kwenda kusimama pale dirishani nimwambie, baba, kama hutaki chakula changu sema, nikapumzike. Sikwenda, kwa sababu mkwe hamwendei baba mkwe na maneno ya namna hiyo, na kwa sababu hasira ilipopungua kidogo nilielewa. Mzee alikuwa anakula kidogo ili achafuke kidogo.

Baba mkwe wangu alipooza upande wa kulia, mkono na mguu, mwaka mmoja baada ya mimi kuolewa. Alikuwa shambani anapalilia karanga, akaanguka, na tangu siku hiyo hakuinuka tena mwenyewe. Mdomo ulipinda lakini maneno yalirudi taratibu, na akili haikupotea hata kidogo. Afadhali ingepotea, nilikuwa nasema wakati mwingine, maana mtu asiyejitambua hana haya. Yeye alikuwa na haya ya watu wawili. Mke wake alikwisha kufa. Mume wangu, mwanawe wa kiume pekee, alikuwa kibarua wa reli kwenye njia ya Kaliua, analala kambini, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi na kuondoka kabla sijazoea kumwona. Tuliobaki na mzee ni mimi na binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.

Sasa, huku kwetu mwanamke aliyeolewa na baba mkwe wake hawasogeleani. Nilipomsalimu nilipiga magoti mlangoni nikiangalia chini. Sikukaa kwenye kiti chake, sikugusa kitanda chake, sikutaja jina lake, na hata kikombe alichonywea nilikiokota baada ya yeye kukiweka chini. Kumwona uchi ilikuwa laana, si kwangu tu, hata kwa watoto wangu. Binti yake wa kumzaa, wifi yangu, naye asingeweza kuona uchi wa baba yake. Mtu aliyeweza kumwosha ni mwanamume wa rika lake, au mwanawe wa kiume, au mtani.

Na mtani tulikuwa naye, Mungu ambariki popote alipo. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu walikuwa watani tangu zamani za mababu, wanatukanana bila kukosana na kunyang'anyana bila kupelekana barazani. Alikaa ng'ambo ya kijito, anachonga mizinga ya nyuki, na kila asubuhi alivuka akaja kumwosha mzee na kumgeuza. Nilikuwa namsikia tangu yuko njiani. "Bado hujafa?" alipiga kelele. "Nimekuja na tumbo tupu nikijua leo nakula wali wa matanga!" Mzee naye kutoka kitandani alimjibu matusi ambayo sitayaandika. Kisha mlango ulifungwa, nikasikia maji, nikasikia vicheko, na mlango ulipofunguliwa mzee alikuwa amenyolewa, amepakwa mawese mgongoni, amegeuziwa upande wa mlango. Huo ndio upande alioupenda, maana aliona njia na watu wanaopita.

Saa hiyo mtani alipokuwa ndani ilikuwa saa yangu. Nilikaa chini ya upenu, nikanyoosha miguu, nikamnyonyesha mtoto, sikufanya kitu kingine chochote. Wakati ule sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa inaniweka hai.

Ndipo tukaamriwa kuhama. Serikali ilitaka watu wote watoke kwenye mashamba yaliyotawanyika, wakae pamoja vijijini, karibu na barabara, wapate shule na zahanati. Sina ugomvi na shule wala zahanati. Ila sisi tuliandikiwa kijiji kimoja upande wa Kasekese, na mtani akaandikiwa kingine, mwendo wa nusu siku kwa mtu mwenye miguu mizima. Siku ya kuhama yeye ndiye aliyeongoza wanaume kumbeba mzee, mzee juu ya kitanda chake cha kamba na kitanda juu ya mabega yao, mimi nyuma na sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Njia nzima mtani aliimba nyimbo za mazishi, akawa anawaambia watu tunaokutana nao, "Huyu tunamzika akiwa mzima, ameomba mwenyewe, amechoka kusubiri." Wabebaji walicheka hadi wakakitua kitanda chini. Tulipofika alimlaza mzee kwenye kibanda kipya ambacho udongo wake haujakauka, akamgeuzia mlangoni, akamshika mkono ule ulio mzima. Siku hiyo aliondoka bila kumtukana.

Baada ya hapo kazi ya kumwosha mzee ikawa ya kila mtu, maana yake haikuwa ya mtu yeyote. Alikuwapo binamu yake mmoja pale kijijini aliyekubali mbele ya wazee kwamba atakuja asubuhi na jioni. Alikuja alipokumbuka. Mara nyingine alikuja ananuka pombe, akamsugua mzee haraka haraka kama anaosha sufuria, akamwacha ameelekea ukutani. Siku ambazo hakuja kabisa mzee alilala kwenye uchafu wake hadi jua linapanda, nami nimekaa nje ya mlango na ndoo ya maji, nayasikia maji yanapoa, siwezi kuingia. Vidonda vikaanza mgongoni. Nilijua kwa harufu, kwani kuona sikuona. Nikimwuliza kutoka mlangoni, "Baba, umelalaje?" alijibu, "Vizuri, mkwe." Nikimpelekea chakula kwenye kigoda na kugeuka kuondoka, alisema ameshiba kabla hajala.

Hivyo basi nilipouona ule mkono na lile tonge na wale kuku wanagombania, nilijua nyumbani kwangu kuna mtu anajiua polepole, na hakuna atakayesema amejiua. Watasema mzee aliugua akafa. Nikamwachia binti yangu wifi, aliyekaa jirani, nikamwambia nakwenda zahanati kwa ajili ya mimba, nikashika njia ya kwenda kwa mtani.

Nilifika mchana, miguu imevimba. Alikuwa mbele ya nyumba yake mpya, amekalia gogo na tezo mkononi, anachimba mzinga. Magoti yake yamefungwa vitambaa.

"Mke wangu umekuja!" alisema. Watani ndivyo wanavyowaita wake za watani wao. "Nilikwambia tangu zamani, yule mwanamume wa reli hakufai."

"Leo sikuja kwa utani," nilisema.

"Basi umekosea nyumba, pita mbele."

Nikakaa chini pale pale kwenye vibanzi vya mti, nikaanza kulia. Sikupanga kulia. Nilimwambia habari ya kuku, habari ya binamu, habari ya harufu. Aliweka tezo chini.

"Anajiua kwa adabu," alisema.

Nilimwomba aje, hata mara moja kwa juma. Akanionyesha magoti. Alisema kutoka pale hadi kwetu angehitaji siku ya kwenda, siku ya kulala na siku ya kurudi, na nyuki hawamsubiri mtu. Kisha akaniangalia tumbo.

"Huyo anatoka lini?"

"Mwezi huu, au unaokuja."

"Akitoka, niletee habari. Na asipewe jina mpaka nifike."

Nilimwelewa hapo hapo, na nilipomwelewa niliogopa. Kwetu mtoto anayepewa jina la babu yake ndiye babu mwenyewe amezaliwa tena. Baba wa mtoto humwita mtoto "baba", na mama aliyemzaa anakuwa mama wa yule mzee, kwa maneno na kwa heshima. Sasa mama anaona haya gani kumwosha mwanawe? Ukwe unakwisha. Lakini kulikuwa na kizuizi, na kizuizi chenyewe kilijulikana na kila mtu: jina la mtu aliyelala kitandani halipewi mtoto. Watu walisema mtoto ataurithi ugonjwa, na mgonjwa atajiona ameambiwa aondoke, nafasi yake imeshachukuliwa. Wifi yangu alikwisha kutangaza kwamba akizaliwa wa kiume ataitwa kwa jina la baba mdogo wao aliyeko Karema, mtu mwenye afya na nyavu zake.

"Wifi hatakubali," nilisema. "Na mume wangu atamsikiliza."

"Wewe umesikia nimesema nitamwomba mtu?"

"Na akizaliwa wa kike je?"

"Wa kike hana masikio ya kuitwa jina?" Akachukua tezo yake. "Nenda nyumbani, mke wangu, kabla hujazalia kwenye mizinga yangu. Na wafungie wale kuku."

Akazaliwa wa kiume, akaniondolea ubishi mmoja. Nikamtuma mtu wa lori apeleke habari. Kitovu kilipodondoka, siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina ikafika, mume wangu akaja kutoka kambini na shati jipya, wifi akapika, majirani wakakaa kwenye mikeka. Niliangalia njia tangu asubuhi. Wifi alisimama katikati ya uwanja na mtoto mikononi, akaanza yale maneno ya kumtambulisha kwa ukoo, na mtani hajaonekana. Nilihisi maziwa yananikauka.

Alitokea nyuma ya nyumba, pale penye kuku. Kumbe alilala kwa mtu kijijini humo humo, akakaa kimya hadi wakati wake. Alikuja akichechemea na fimbo, akaitupa fimbo, akamnyakua mtoto mikononi mwa wifi kama mwewe, akaingia naye chumbani kwa mzee. Sote tukamkimbilia hadi mlangoni. Alimlaza mtoto kifuani kwa mzee, upande ule wenye uhai, akainama, akalitamka jina la mzee kwenye sikio la mtoto kwa sauti ya kusikika barabarani. Akalitamka tena. Mtoto akapiga kelele.

"Umeniulia mtoto!" wifi alilia. "Umeniulia na baba!"

"Nimeiba," mtani alisema. "Nishtakini."

Watu wakaangaliana. Mtani hashtakiwi, na alichochukua mtani hakirudishwi. Mume wangu alianza kucheka, akauona uso wangu, akaacha. Mzee alikuwa ameweka ule mkono wa kushoto juu ya mgongo wa mtoto, machozi yanamteremka hadi masikioni kwa sababu hakuweza kuyafuta.

"Mwizi wewe," alimwambia mtani.

"Nyamaza, kichanga. Unamsumbua mama yako."

Siku ile mzee hakusema nami. Kesho yake nilichemsha maji, nikajaza beseni, nikaja nalo hadi mlangoni kwake, na magoti yangu yakataka kupinda yenyewe, kwa mazoea. Nikakaza moyo. Kwa miaka yote nilikuwa sijawahi kuvuka pale zaidi ya kufika kwenye kigoda. Nikavuka. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, shuka imefunika hadi kichwani.

"Mwanangu," nilisema, na sauti ikanitoka kama ya mtu mwingine. "Maji tayari. Geuka."

Shuka haikusogea. Nikadhani nimeharibu. Kisha kutoka chini ya shuka nikasikia, "Mama, mwanao nina njaa."

"Utaoga kwanza."

"Maji yasiwe ya moto sana."

"Utaoga yalivyo."

Akacheka, nami nikacheka, na tulivyocheka ndivyo nilivyoweza kuondoa ile shuka. Niliyoyaona mgongoni mwake sitayasahau. Nilimwosha nikilia bila kuficha, na yeye alijifunika uso kwa mkono mpaka nilipomaliza, akasema tu, "Pole, mama. Pole na kazi." Siku hiyo alimaliza sahani na kuomba nyingine. Kuku wakasubiri pale nyuma hadi wakakata tamaa.

Ningependa kuishia hapo. Watu wanaposimulia habari hii huishia hapo, na mimi hunisifu sana, wakwe wa siku hizi wakaambiwa waje kujifunza kwangu. Lakini yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa maisha yenyewe.

Haya ilipoondoka, na watu wakaondoka. Binamu aliacha kuja siku ile ile. Nilipokutana naye kisimani alisema, "Si amepata mama?" Wifi, ambaye kwa hasira zake zote alikuwa akija kufua na kunisaidia kupika, alianza kutusalimu kutoka barabarani. Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi na kuona baba yake amenenepa, ametakata, na alifurahi kwa moyo wote, kweli alifurahi. Alinishukuru mbele ya wageni. Kisha alinywa chai na kwenda kutembea. Nilipomwambia nahitaji mtu wa kunisaidia, alisema, "Lakini baba hataki mwingine, anakutaka wewe." Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi.

Nilichoka. Nasema hivyo bila kuona aibu, maana nimesikia wanawake wengi wakisema walihudumia wagonjwa wao kwa furaha miaka na miaka, na mimi sijui furaha hiyo waliipata duka gani. Nilikuwa na mtoto anayenyonya na mzee wa jina moja naye, wote wawili wanachafua, wote wawili wanalia nikiwa shambani. Mwili wa mwanamume mtu mzima ni mzito hata ukikonda. Nilimgeuza asubuhi kuelekea mlango, nikaja kutoka shamba la kijiji kumgeuza mchana kuelekea ukuta, jioni tena mlango. Nikichelewa, vidonda vilirudi, na vikirudi vilichukua mwezi kupona. Kiuno kikaniharibika na hakijapona hadi leo. Sikwenda kwetu Mpimbwe kuona mavuno ya mpunga, sikwenda msiba wa shangazi yangu, sikwenda hata Mpanda mjini kununua kanga yangu mwenyewe. Padri alipokuja kwenye kigango alisema nimejiwekea hazina mbinguni. Nilimjibu kimoyomoyo kwamba huko mbinguni nitaomba kitanda tu.

Kuna siku nilimkasirikia mzee mwenyewe. Nilimgeuza kwa nguvu, nikamfokea kwa kumwaga uji, na kwa kuwa sasa nilikuwa mama yake nilikuwa na ruhusa ya kufoka. Naye alikuwa na ruhusa ya kudeka, na aliitumia. Alitaka samaki wakubwa, migebuka, na si dagaa. Alitaka redio ya mwanawe isogezwe asikie salamu za watu asiowajua. Alitaka kujua ni nani aliyepita barabarani na baiskeli ya nani. Tulibishana siku nzima, wakati mwingine kwa sababu hatukuwa na mtu mwingine wa kubishana naye. Na katika watu wote wa nyumba ile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananiuliza, "Mama, umekula?" Nikidanganya nimekula, alisukuma sahani yake upande wangu kwa ule mkono mmoja. Nikikaa kwenye kigoda chake baada ya kumwosha, alifumba macho akajifanya amelala ili nisiinuke. Nilijua anajifanya, kwa sababu alipolala kweli alikoroma.

Alikufa mwaka ule vijana walipokwenda vita vya Uganda, wakati sabuni ya mche ilikuwa haionekani dukani na mimi namwosha kwa maji na majivu. Alikufa asubuhi baada ya kuoga. Nilikuwa nimemgeuzia mlangoni, nikatoka kumwaga maji, niliporudi macho yake bado yanaangalia njia lakini hayaoni. Nilikaa kwenye kigoda. Sikupiga yowe mara moja. Nilikaa kidogo kwanza, mimi na yeye, kama tulivyokuwa tunakaa.

Mtani aliletwa na baiskeli ya mtu, amezeeka, haoni vizuri jicho moja. Aliingia uwanjani akipiga kelele kwamba hatimaye wali umeiva, akaingia chumbani. Akafunga mlango akamwosha rafiki yake kwa mara ya mwisho, bila vicheko safari hii.

Kwetu msibani wakwe ndio wanaofanya kazi. Wake wa watoto huchota maji, hupika, hulisha umati, na hukaa chini watu wakishaondoka. Nilikwisha kufunga kanga kiunoni na kushika ndoo. Wifi aliniita kutoka jikoni kwamba maji hayatoshi na kuni zimekwisha, nifanye haraka, wageni wa Karema wameshuka kwenye lori. Hapo mtani alitoka chumbani, mikono bado ina maji, akaninyang'anya ndoo.

"Mama wa marehemu hachoti maji," alisema.

"Mama gani?" wifi akauliza. "Huyo ni mkwe. Mwache afanye kazi za wakwe."

"Alipokuwa anaosha kinyesi alikuwa mama. Leo kuna mkeka ndiyo awe mkwe?" Hakusema kwa utani. Akanishika mkono, akanipeleka ndani kwenye mkeka wa wafiwa, mbele ya shangazi zote, akaniambia, "Kaa. Nyoosha miguu."

Wifi alisimama pale kidogo. Kisha akaiokota ndoo yeye mwenyewe, akaenda kisimani.

Nikanyoosha miguu. Nilikusudia kulia, maana ndicho tulichokalia pale, na machozi nilikuwa nayo tele. Lakini mwili ulipogusa mkeka ulinizidi nguvu. Nikalala usingizi. Wanasema nililala nikikoroma, waliimba nyimbo za kanisa kichwani pangu sikusikia, walimchukua mzee wakaenda kumzika na mimi nimelala, na mtani aliacha maagizo kwamba mtu asiniguse. Wengine walidhani nimezimia kwa huzuni. Waache wadhani hivyo.

Niliamka jua linateremka, na kitu cha kwanza nilichokiona ni lile jua, limefika mahali ambapo mimi huwa nimeshatoka shamba. Nikaruka kutoka kwenye mkeka.

"Hajageuzwa!" nilisema. "Tangu asubuhi hajageuzwa!"

Wanawake wakaziba midomo. Mtani alikuwa amekaa mlangoni, udongo mwekundu wa kaburini umemganda kwenye magoti. Hakucheka.

"Nimemgeuza mwenyewe, mama," alisema. "Nimemwelekeza njiani. Lala."